Fuko, Nyambizi na Ufundi wa Kungoja

Mtega fuko wa kwetu Sirisia haji shambani na jembe. Anakuja na waya, kisu, vijiti vichache na asubuhi nzima mkononi. Siku hiyo nilimkuta amechuchumaa katikati ya viazi vitamu vya mama, ambavyo vilikuwa vikinyauka shina moja baada ya jingine kana kwamba kuna mtu anavivuta kutoka chini.

"Mulembe, kuka. Mbona huchimbi?"

"Nikichimba atanisikia, mjukuu wangu. Nyumba yake yote ni sikio."

Alichagua rundo la udongo lililokuwa bado na unyevu, akadunga kijiti taratibu hapa na pale hadi kikazama ghafla. Hapo ndipo njia ilipo. Akaifungua kwa upana wa ngumi, akatoa udongo uliomwagikia ndani, kisha akasugua viganja vyake kwa udongo uleule kuondoa harufu ya binadamu. Kitanzi cha waya akakilaza ndani kikiambaa na ukuta wa njia. Nje akachomeka ufito mbichi, akaupinda mpaka ukatetemeka, akaufunga kwa kijiti kidogo kama njiti ya kiberiti. Mwisho akaacha tundu dogo wazi, mwanga na upepo viingie.

"Fuko hapendi upepo nyumbani kwake. Atakuja kuziba. Mimi simwiti, desturi yake ndiyo itakayomleta."

Kutoka Sirisia hadi bandari ya Kilindini ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na wengi wetu bahari tunaijua kwa picha tu. Lakini nikimtazama kuka, babu yule, namkumbuka Mjerumani mmoja ambaye nimesoma habari zake kwa muda mrefu. Wolfgang Lüth alizaliwa Riga mwaka 1913, na katika Vita Kuu ya Pili akaongoza nyambizi tano, moja baada ya nyingine. Alizamisha meli za biashara 46, zenye jumla ya tani zaidi ya 220,000. Ni kamanda mmoja tu wa Kijerumani aliyempita katika vita hivyo. Nyambizi yake ya mwisho, U-181, ilikuwa na urefu wa mita 87 na ilibeba torpedo 24. Kwa nyambizi hiyo aliwinda katika bahari yetu, kusini mwa Afrika, pwani ya Msumbiji hadi karibu na Mauritius.

Ufundi wake wa kwanza ulikuwa hesabu. Torpedo ya umeme ya wakati ule ilikwenda mwendo wa kama kilomita 55 kwa saa. Meli ikiwa umbali wa mita 1,000, torpedo itachukua zaidi ya dakika moja kuifikia, na katika dakika hiyo meli ya mwendo wa kawaida itakuwa imesogea zaidi ya mita 300. Kwa hiyo kamanda halengi meli. Analenga maji matupu, mahali ambapo meli haijafika. Lazima akisie mwendo wake, umbali wake na pembe inayoelekea, usiku, kwa kutazama kivuli tu, huku nahodha wa meli akipinda kushoto na kulia makusudi ili kuharibu hesabu hiyo. Na chini ya maji nyambizi ilikuwa kobe. Mbio zake zilikuwa juu ya maji, kwa injini za dizeli. Basi Lüth angezunguka mbali gizani, akaitangulia meli, akatulia njiani kwake. Mtega fuko anaielewa kazi hiyo bila kufundishwa.

Ufundi wa pili ndio unaonishangaza zaidi. Machi 1943 U-181 iliondoka Bordeaux, ikarudi Oktoba, baada ya siku 206. Ndani kulikuwa na wanaume zaidi ya 50 katika bomba la chuma lenye joto na harufu ya dizeli, bila mchana wala usiku. Desemba mwaka huo Lüth alitoa mhadhara kwa maofisa wenzake mjini Weimar akaeleza jinsi alivyowatunza. Jioni taa zilipunguzwa, ili mwili ujue kwamba siku imekwisha. Jumapili ilikuwa na muziki wake wa santuri. Palikuwa na gazeti la chomboni, na mashindano ya chess na ya kuimba. Mkosaji alinyang'anywa godoro akalala kwenye ubao mtupu siku kadhaa, kisha kosa likasahauliwa. Hata matumbo ya mabaharia aliyafuatilia kama mama wa watoto wachanga. Lakini ni huyuhuyu aliyekuwa kamanda wakati nyambizi yake ya awali, U-43, ilipozama Februari 1941 ikiwa imefungwa gatini Lorient, kwa uzembe wa watu wake wenyewe. Bila kugongwa na adui yeyote.

Lakini nyambizi nayo ilikuwa na desturi zake, na desturi ndiyo tundu. Ililazimika kuibuka kuvuta hewa na kujaza betri. Tena wakuu wao walitaka taarifa kwa redio mara kwa mara, za hali ya hewa, mahali na mafuta, kwa mpangilio uleule. Waingereza walingoja hapo. Tarehe 30 Oktoba 1942, manowari yao Petard iliilazimisha U-559 kuibuka katika Mediterania. Mabaharia wawili waliingia ndani ya chombo kilichokuwa kikizama, wakamkabidhi kijana wa miaka 16 vitabu vya misimbo ya siri. Wao wakazama nacho, yeye akapona. Kwa vitabu hivyo ujumbe wa nyambizi ukaanza kusomeka tena.

Petard hiyohiyo iko katika historia yetu. Februari 1944 ilikuwa ikisindikiza msafara uliotoka Kilindini kwenda Ceylon. Ndani ya meli ya Khedive Ismail walikuwamo wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, torpedo za nyambizi ya Kijapani I-27 ziliizamisha kwa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300. Nyambizi ikajificha chini ya waliokuwa wakielea, na Petard, katika kuiwinda, ikaangusha mabomu katikati yao. Upande ule hesabu ya kamanda wa nyambizi ilikuwa sahihi. Upande huu palikuwa na vijana wa Afrika Mashariki, wengi wao waliolelewa mbali na maji ya chumvi.

Lüth mwenyewe alikuwa mfuasi wa dhati wa Hitler. Bahari haikumpata. Usiku wa tarehe 13 Mei 1945, siku tano baada ya Ujerumani kusalimu amri, alikuwa akitembea katika eneo la chuo cha maofisa wa majini alichokiongoza, Mürwik. Mlinzi akauliza nani anayepita, akarudia, asipate jibu. Akafyatua risasi gizani. Kamanda aliyekuwa akikagua hata usingizi wa watu wake akafa akiwa na miaka 31, kwa kutoitikia amri ya ulinzi aliyoisimamia mwenyewe.

Uvumilivu wake nauheshimu kama ninavyouheshimu wa fundi yeyote. Kazi aliyoitumikia kwa uvumilivu huo siwezi kuiheshimu, na sioni sababu ya kuvichanganya viwili hivyo. Huko shambani, kesho yake asubuhi ufito wa kuka ulikuwa umesimama wima. Mama alimlipa, naye akaufuta waya kwa jani, akaukunja na kuutia mfukoni. Viazi vilivyosalia tulivivuna.