Chama kilikufa, watu wake wako hai

Wandugu, James Loxton na Scott Mainwaring walitoa mwaka 2018 kitabu kizima juu ya vyama vilivyotawala kwa mabavu na jinsi vinavyoishi demokrasia ikifika. Wanasema vinabaki na urithi: jina, matawi, pesa, mshikamano. Kazi nzuri. Lakini mimi nikiisoma hapa Kituku naona inahesabu vyama, na kwetu lazima uhesabu watu.

MPR ya Mobutu ilianza 1967. Kila Mzaire alikuwa memba tangu kuzaliwa, olinga olinga te, upende usipende. Tarehe 24 Aprili 1990, pale N'Sele, Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, machozi yakamtoka. Ungefikiri chama chenye nchi nzima kitashinda kila kura. Wapi! Memba wa lazima, mlango ukifunguliwa, anaenda zake. Mwaka 2006 mtoto wake Nzanga aligombea urais na UDEMO, si MPR, akawa wa nne, kisha akaingia serikali ya Joseph Kabila, mtoto wa ule aliyemfukuza baba yake. Kengo wa Dondo, aliyekuwa waziri mkuu wa Mobutu, aliongoza Seneti kuanzia 2007 mpaka 2019. (Étienne Tshisekedi naye alikuwa waziri wa Mobutu, ila yeye alilipa kwa vifungo. Nisimtie katika gunia moja na hao.)

Halafu tazama kambi ya Kabila. Baada ya kura ya Desemba 2018 alitoka ikulu, lakini FCC yake ilikuwa na zaidi ya viti 300 kati ya 500. Huo ndio urithi wenyewe, si ndiyo? Tarehe 27 Januari 2021 serikali ya Ilunga Ilunkamba, mtu wa kambi hiyo hiyo, iliangushwa kwa kura 367. Fanya hesabu mwenyewe. Na katiba yetu, kifungu cha 110, inasema mbunge anayeacha chama chake kwa hiari anahesabiwa ameacha kiti. Viti havikuachwa.

Kwa hiyo mshikamano ule ulikuwa wa dola, chama kilikuwa nguo tu. Mama anayeshusha ndizi hapa bandarini, siku ya kura anaonyeshwa picha, namba, na jina la chama, pengine kilichozaliwa jana. Vyama ambavyo mgombea alishapitia havimo kwenye karatasi. Mimi ningeanza kuviandika hapo.