Doa la Njano

Tafuna jani bichi la mlonge: utasikia ukali kidogo mfano wa figili, basi. Ulimi huishia hapo. Mkemia ndipo anapoanzia.

Mwanzo wa kazi yake ni wa jikoni. Majani huanikwa kivulini, maana jua kali huweza kuharibu kile kile kinachotafutwa. Husagwa, hulowekwa kwenye methanoli, huchujwa. Methanoli ikishavukizwa hubaki rojo ya kijani inayonata kama ulimbo, ndani yake klorofili, sukari, nta na vingine tele. Mchuuzi wa dawa angeitia kwenye chupa papo hapo.

Mkemia yeye huipeta. Ungo wake ni mrija wa kioo uliojazwa unga wa silika. Rojo hukaa juu, vimiminika huipitia taratibu. Kemikali inayoshikana na silika hukawia, isiyoshikana hutangulia, na kinachotoka chini hukingwa kidogo kidogo kwenye neli. Ujanja huu ni wa mwanabotania Mrusi, Mikhail Tswett, aliyekuwa Warsaw alipozitenganisha rangi za majani kwa unga wa chaki, na mwaka 1906 akauita kromatografia.

Ninachokipenda zaidi ni kipimo cha DPPH, kemikali ya zambarau iliyokolea, yenye elektroni moja isiyo na mwenza. Matone ya kila neli huwekwa kwenye bamba lililopakwa silika, yakatenganishwa tena, kisha bamba hupuliziwa DPPH. Lote huwa zambarau, ila penye antioksidanti, yaani kemikali inayoipa elektroni hiyo mwenza, hujitokeza doa la njano. Nani angedhani jani hujibu kwa rangi?

Lakini doa halina jina, na hapa ndipo fundi hujulikana. Tuseme uzito wa molekuli umesomeka 302. Mwenye haraka atatangaza kwamba ni antioksidanti iitwayo kwasetini, kwa kuwa mlonge unajulikana kuwa nayo, aghalabu ikiwa imefungamana na sukari. Lakini kemikali nyingine, morini, nayo ina 302, kwa atomi zile zile, kaboni 15, hidrojeni 10, oksijeni 7. Zimepangwa tofauti tu. Ni lazima sampuli iingie kwenye sumaku kali ya NMR, kila hidrojeni ionyeshe inapokaa. Majani kikapu kizima huweza kuishia kwenye miligramu chache za unga wa manjano.

Na hata hapo, bamba si mgonjwa. Ukikutana na anayeapa kwamba unga wake wa mlonge unatibu kila ugonjwa, mwulize: ni kitu gani kilichomo, kiasi gani, na nani alikipima?