Uhalisia wa Reli Isiyofika

Fundi atengenezaye mifano midogo ya reli za kale hana tofauti na mwandishi wa tamthilia ya kihistoria: wote wawili hupimwa kwa uteuzi wao. Chukua reli ya Kivu, iliyotoka Uvira ikakoma Kamanyola, ng'ambo ya Bugarama ya Rusizi, na kufungwa mwaka 1958. Kwa kipimo cha 1:87, kilomita zake zipatazo 90 zingedai meza ya zaidi ya kilomita 1. Hapana budi kuchagua.

Wengi wangechagua bandari ya Uvira kwa pilikapilika zake. Mimi naona kiini ki Kamanyola. Hapo tambarare yaisha na milima yaanza. Ziwa Kivu limeipita Tanganyika kwa kimo cha karibu mita 700. Mizigo ikashushwa behewani, ikaendelea Bukavu kwa barabara. Fundi akiifikisha reli Bukavu ili meza ipendeze, amesema uongo, hata kama kila taruma ni sahihi. Uhalisia si wingi wa vitu vidogo. Ni kujua reli ilikomea wapi, na kwa nini.