Jina la Mungu Ukutani: Uhakiki wa Kaulimbiu ya Dini katika Shule za Serikali za Marekani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Wako ndugu zetu wanaotoa hoja hii: "Tazameni Marekani. Nchi isiyokuwa na dini ya dola imeandika kwenye fedha zake kwamba inamtegemea Mungu, na sasa maneno hayo yanatundikwa kwenye kuta za shule. Hii ni ushindi kwa kila mwenye imani." Hoja hii inavutia kuisikia, lakini haijapimwa. Mwenye kulifurahia jambo kabla ya kujua asili yake na hukumu yake huenda akawa anafurahia lililo dhidi yake. Kwa hiyo tumeona tuichambue.

Kwanza, asili ya kaulimbiu. Maneno hayo yalionekana mara ya kwanza kwenye sarafu ya senti 2 mwaka 1864, Wamarekani wakiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1907 Rais Theodore Roosevelt aliyaacha katika sarafu mpya za dhahabu. Hakufanya hivyo kwa kuikana dini. Alisema kuwa kuyapiga maneno hayo kwenye sarafu ni kuyakosea heshima, karibu na kukufuru, ingawa aliona yanafaa katika majengo makubwa ya taifa. Mwaka 1908 Kongresi ikayarejesha. Mwaka 1955 ikapitishwa sheria ya kuyaweka kwenye fedha zote, na tarehe 30 Julai 1956 Rais Eisenhower akatia saini sheria ya kuyafanya kaulimbiu ya taifa. Huo ulikuwa wakati wa vita baridi, na Marekani ilitaka kujitofautisha na Urusi ya kikomunisti. Basi msomaji atazame: maneno yalizaliwa vitani na yakakuzwa katika uhasama wa kisiasa.

Pili, suala la shule. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanakataza kuifanya dini yoyote kuwa ya dola na yanakataza kumzuilia mtu dini yake. Kwa msingi huo, Mahakama ya Juu mwaka 1962 ilizuia sala iliyotungwa na serikali katika shule za umma, na mwaka 1963 ikazuia usomaji wa Biblia ulioamriwa na sheria. Mwaka 1980, katika kesi ya Stone dhidi ya Graham, ilibatilisha sheria ya jimbo la Kentucky iliyoamuru Amri Kumi zitundikwe madarasani. Mabango yale yalinunuliwa kwa michango ya watu binafsi, na chini yake yaliandikwa maneno ya kudai kuwa lengo si la kidini. Mahakama haikuzikubali hila hizo.

Pamoja na hayo, majimbo yaliendelea. Mwaka 2018 Florida na Tennessee zilipitisha sheria za kuonyesha kaulimbiu ya taifa shuleni. Mwaka 2021 Texas, yenye wanafunzi zaidi ya milioni 5 katika shule za umma, iliamuru kila shule inayoletewa bango la kaulimbiu kwa hiba ilitundike mahali panapoonekana. Mwaka 2023 Louisiana ikataka kaulimbiu iwe katika kila darasa, na mwaka 2024 ikaongeza Amri Kumi. Texas ikaifuata kwa Amri Kumi mwaka 2025. Kesi zikafunguliwa katika majimbo yote mawili.

Sasa tuingie katika uhakiki wenyewe. Kwa nini mahakama za Marekani ziliikubali kaulimbiu ilhali zilikataa sala? Mwaka 1970, katika kesi ya Aronow, mahakama ya rufani ilisema kuwa kaulimbiu ni jambo la uzalendo na desturi za taifa, wala haihusiani na kuisimamisha dini. Na mwaka 1984 Jaji Brennan alieleza kuwa huenda maneno ya namna hii yakasalimika kwa sababu, kwa kukaririwa mno, yamepoteza maana yake ya kidini. Msomaji asimame hapa azingatie. Jina la Mungu limepewa ruhusa ya kukaa ukutani kwa sharti la kutokuwa na maana! Je, huu ni ushindi wa muumini, au ni msiba uliovikwa nguo ya harusi?

Huenda mwanafunzi wa fiqhi akatupinga kwa kusema: "Mbona jambo hili lina mfano kwetu?" Ni kweli, na insafu inatutaka tuutaje. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotengeneza dinari mpya mwaka 77 Hijria, aliandika juu yake Shahada na maneno ya Suratul Ikhlas. Imam al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 H) ametaja kuwa dirham za al-Hajjaj ziliitwa "makruha", na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kuwa maulamaa walichukia Qur'ani ishikwe na asiye na tohara. Kisha maulamaa wa Kishafii wakasahihisha kauli kwamba inajuzu kuzibeba sarafu hizo bila udhu, kwa kuwa hazikukusudiwa kusomwa kama Qur'ani na kwa kuwa watu wana haja nazo.

Lakini baina ya kauli hizi mbili pana tofauti kubwa. Maulamaa walimpunguzia uzito mbebaji wa sarafu; hawakuyapunguzia maneno utukufu wake. Hakuna faqihi aliyesema kwamba Shahada ikipigwa juu ya dhahabu inageuka kuwa pambo la dola. Bali Imam an-Nawawi katika at-Tibyan ameeleza kuwa madhehebu yetu yanachukia kuchora kuta na nguo kwa Qur'ani na majina ya Allah Taala. Ikiwa hili limechukiwa kwa kulinda heshima, vipi tulipigie makofi pale ambapo heshima hiyo imevuliwa rasmi mbele ya hakimu?

Tatu, tuulize: ni Mungu yupi aliyekusudiwa? Wenye kuitetea sheria husema ni Mungu wa watu wote. Dai hilo lilipata mtihani wake mwaka 2022 katika mji wa Southlake, Texas. Mzazi mmoja aliipelekea bodi ya shule mabango yenye kaulimbiu ileile, na miongoni mwao limo lililoandikwa kwa Kiarabu. Bodi haikuyapokea, ikisema kuwa shule zake tayari zina mabango ya kutosha. Sisi tuliosoma lugha ya Kiarabu tunajua kuwa neno "Allah" analitumia Mwislamu, na analitumia pia Mkristo wa Misri na wa Shamu katika Biblia yake. Iwapo kaulimbiu ni ya Mungu wa wote, lugha isingeidhuru. Jibu la bodi, hata likichukuliwa kwa dhahiri yake, linaonyesha kuwa mlango ukishafunguliwa kwa sheria, anayechagua nani aingie ni yule mwenye wingi.

Na suala la Amri Kumi liko wazi zaidi. Mayahudi, Wakatoliki na Waprotestanti hawazihesabu kwa mpangilio mmoja. Sheria ya Louisiana imeyaandika maneno yenyewe, kwa nakala moja. Basi serikali imekuwa mufti, ikatoa tarjihi baina ya madhehebu ya watu. Leo imechagua kwa Wakristo. Je, ikichagua kesho baina ya Waislamu, tutaridhika?

Wako watakaosema kuwa kutenganisha dini na dola ni fikra iliyotungwa kuupiga vita Uislamu. Hatukubaliani na fikra hiyo kuwa ni kipimo cha haki katika kila jambo, kwani sheria ya Allah imeyaenea maisha yote. Lakini tunazungumzia hali maalumu: Waislamu wachache, wakiwemo ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, ambao watoto wao wanakaa katika madarasa hayo. Kwa mtu huyo, kizuizi kinachomkataza mwalimu kumsalisha mtoto sala ya kanisa ni hifadhi ya dini yake. Inafaa ikumbukwe kuwa mkataba wa Marekani na Tripoli, uliothibitishwa na Baraza lao la Seneti mwaka 1797, ulisema katika nakala ya Kiingereza kwamba serikali yao haikujengwa juu ya dini ya Kikristo na haina uadui na dini ya Waislamu. Nakala ya Kiarabu haina ibara hiyo, lakini waliyoipigia kura ni ya Kiingereza.

Hata huku kwetu tunayajua maumivu hayo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliwaruhusu wasichana wa Kiislamu kuvaa hijabu katika shule inayofadhiliwa na kanisa huko Isiolo, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Anayedai haki ya dada zetu wa Isiolo hawezi kushangilia mtoto wa Texas kuwekewa ukutani itikadi ya mwenye wingi. Uadilifu hauna mizani mbili. Allah (S.W.) katika Suratul Maida, aya ya 8, ametukataza chuki ya watu isitutoe katika uadilifu, basi na tamaa pia isitutoe.

Mwisho, ieleweke kuwa tawakkul ni amali ya moyo. Mtoto hujifunza kumtegemea Mola wake anapomwona baba akiacha biashara ya haramu na mama akisubiri katika dhiki. Bango halifundishi hilo. Wazazi walioko ughaibuni wasiiachie serikali kazi ya chuo na nyumba, na maimamu wasizifanye kuta za wengine kuwa dalili juu ya mimbari.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.