Nazi Moja Nyuma ya Shimba

Nazi nyingi zinazopikwa Kinango hazikuanguliwa Kinango. Zimetoka ukanda wa pwani, Msambweni, Tiwi na Matuga, zikapakiwa kwa magunia, zikavuka vilima vya Shimba na kushukia huku nyuma, upande ambao mvua ikifika huwa imekwisha nguvu. Huku ni kwa Waduruma, nchi ya ng'ombe, mahindi, kunde na miiba. Ndiyo maana nilipotaka kujifunza kutumia nazi bila kupoteza hata tone, sikwenda kwa jamaa zangu wa Diani, ambao nazi huwaangukia uani. Nilikwenda kwa shangazi yangu Kinango, ambaye kwake kila nazi imelipiwa nauli.

Shangazi hachagui nazi kwa macho. Huipima uzito mkononi, kisha huitikisa karibu na sikio. Iliyokomaa vizuri maji yake hucheza ndani na kulia. Koroma imejaa maji pomoni, hailii sana, na tui lake ni jepesi. Iliyo nyepesi na kimya ina ufa au imekauka. Baada ya hapo hugeuza yale macho matatu na kuyapapasa kwa kidole gumba. Akikuta unyevu au ukungu, huirudisha kwenye fungu. "Nazi bubu usinunue, mwanangu." Muuzaji akinuna, anune.

Kuivunja nako kuna sikio lake. Ameishika kwenye kiganja cha kushoto, anaigonga kwa mgongo wa panga, wala si makali, kwenye mzingo wa katikati, akiizungusha kidogo kila pigo. Pigo la tatu au la nne sauti hubadilika, ikawa kama ya chungu kilichopata ufa, na mara vifuu viwili vinaachana karibu sawasawa juu ya bakuli. Maji hayo huyaonja kabla ya jambo lingine lolote. Yakiwa machachu, nazi hiyo haichanganywi na nyingine, maana moja mbovu huharibu tui la sufuria nzima. Mimi niliwahi kupikia wageni wali wa nazi bila kuonja maji. Sitaeleza zaidi.

Halafu mbuzi. Wasomaji wa bara wanisamehe, mbuzi huyu hali majani: ni kibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma mbele, na ulimi una meno. Shangazi amekikalia, leso imekazwa, sinia iko chini ya ulimi. Mtu asiyezoea huanza na katikati ya kifuu, akachimba shimo, kisha akahangaika na kingo. Yeye huanzia ukingoni. Viganja viwili vimekumbatia mgongo wa kifuu, anakizungusha taratibu, na meno hutembea ukingo mzima kabla ya kuteremka ndani hatua moja, kama mtu anayelima shamba la mteremko kwa kufuata matuta. Nazi inadondoka laini, chembe zake zimelingana. Kwaru, kwaru, kwaru, sauti ni ile ile muda wote, mpaka meno yanapokaribia kifuu, ndipo inapata ukali kidogo. Hapo anaacha.

Ukali ule mimi huusikia nikiwa nimeshaupita. Kati ya nazi na kifuu kuna ngozi ya kahawia, na hiyo ikiingia kwenye sinia, tui hutoka na rangi ya majivu na ukakasi ulimini. Shangazi hubakiza utando mweupe mwembamba kama karatasi, na huo haupotei: watoto huukwangua kwa kijiko na kuutafuna. Siku hizi sokoni Mombasa kuna mashine za kukunia, na nyumbani kuna blenda. Sina ugomvi na blenda, ila haina masikio.

Maji ya kukamulia ni ya uvuguvugu. Nilidhani ni mazoea tu, kumbe mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Asubuhi za Julai, kusi likivuma, chupa ya mafuta dirishani huwa nyeupe kama mshumaa. Ukikamua kwa maji baridi siku kama hiyo, mafuta yanabaki ndani ya chicha nawe unabaki na maji meupe. Basi anatia kikombe kimoja tu, anaifinya nazi humo humo kwenye sinia kwa vidole kama mtu akandaye unga, halafu anaijaza kwenye kifumbu na kukisokota hadi mishipa ya mikono imsimame. Tui hili la kwanza, kasimile, linatoka zito. Linafunikwa na kuwekwa kando. Anaongeza maji, anakamua la pili. Anaongeza tena, anakamua la tatu, ambalo limekaribia kuwa maji.

Ninachokipenda zaidi ni mpango wake, kwa sababu jikoni foleni inageuka. Lililotoka mwisho ndilo linaloingia kwanza: la tatu huchemshia kunde, la pili huziivishia, na kasimile husubiri mpaka kila kitu kimelainika. Sababu ni kwamba tui zito halistahimili moto wa fujo. Kinachoyashikilia mafuta ndani ya maji ni protini, na protini hizo zikichemshwa kwa nguvu huganda, mafuta yakajitenga, tui likakatika kama maziwa yaliyolala. Shangazi hajawahi kutaja protini. Huvuta kuni moja nje ya mafiga, huondoa mfuniko, humimina kasimile, kisha huteka kwa upawa na kumwagia juu kutoka kimo cha shubiri moja, huteka na kumwagia, macho yakiwa kwenye ukingo wa sufuria. Povu la ukingoni likianza kutetema, anaepua. Likichemka umechelewa. Chumvi hutiwa mwishoni, na ndimu hukamuliwa sufuria ikiwa tayari chini.

Muhogo una masharti mengine. Humenywa, hupasuliwa na kutolewa ule mzizi wa kati, huchemshwa sufuria ikiwa wazi, na maji ya kwanza humwagwa. Kuacha sufuria wazi si uzembe. Muhogo una sianidi, mwingine kidogo, mwingine nyingi, na gesi yake hugeuka mvuke kwenye nyuzi 26 tu, yaani inaruka mapema sana ikiwa hakuna mfuniko wa kuizuia. Ule mchungu hasa hautibiwi na sufuria. Huo huloekwa siku kadhaa, kisha huanikwa ukawa makopa.

Si kila anachonifundisha ninakikubali. Mchuzi ukizidi chumvi hutupia kiazi, eti kinyonye chumvi. Kiazi hakichagui. Kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, na unaobaki una ukali ule ule. Kinachouokoa mchuzi ni tui jepesi analoongeza baadaye huku akikisifu kiazi. Nilipomwambia hivyo alinitazama kidogo, akasema, "Basi wewe kula kiazi."

Juu ya mafiga kuna uchaga, ambao Wamijikenda huuita lutsaga, na mahindi hukaa humo juu yakifukizwa mwaka mzima. Moshi huyakausha na kuwachukiza wadudu. Hata hivyo hali imekuwa ngumu tangu alipokuja dumuzi, mdudu wa asili ya Amerika ya Kati, aliyeanza kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kugunduliwa Taveta mwaka 1983. Yeye hutoboa punje ikabaki unga, na hutoboa hata mbao za uchaga. Moshi nao unamla mpishi macho na kifua. Shangazi anakohoa, na kwa hilo siwezi kuusifu.

Chicha haitupwi. Kwanza husugulia masinia, kwa kuwa mafuta kidogo yaliyobaki humo hushika mafuta mengine, kisha hujisugulia mikono, na mabaki huenda kwa kuku, ambao wameshajua sauti ya mbuzi na hukusanyika mlangoni kabla kifumbu hakijalowa. Makumbi yakichovywa kwenye majivu huondoa masizi ya sufuria kuliko steel wool yoyote niliyonunua dukani. Vifuu huwashia moto, maana hushika upesi na kuwaka kwa joto kali. Kimoja kizuri, chenye duara safi, hutengwa kutobolewa na kutiwa mpini kiwe upawa. Chungu kipya nacho hakianzi kazi kabla hakijachemshiwa uji mwepesi, ili wanga uzibe vitundu vya udongo.

Jumapili walikuja wageni, akanipa nazi mbili nizikune mwenyewe. Nilianzia ukingoni. Nilizungusha kifuu. Nilijitahidi kusikiliza, lakini niliogopa zaidi kupoteza, nikakuna hadi kifuu kikang'aa ndani. Tui langu lilitoka na vidoa vya kahawia. Shangazi alichovya kidole, akaonja, wala hakunigombeza. Tui lake alilimimina kwenye wali wa wageni. Langu alilisogeza upande wa kunde nyekundu, zile za kuliwa na sisi wenyeji.

"Kunde hazisemi mtu," alisema.