Shylock Katika Kalamu za Wengine: Utambulisho wa Kiyahudi na Uandishi wa Kuazima Wahusika

Kuazima wahusika wa mwandishi mwingine na kuwapa maisha mapya si jambo geni katika fasihi. Kazi za namna hiyo, ambazo siku hizi huitwa hadithi za mashabiki zinapotungwa na wasomaji kwa mapenzi yao tu, zina jadi ndefu: mtambaji wa ngano humchukua sungura wa jana akamtuma safari ya leo. Suala la msingi ni hili: mhusika aliyeumbwa na watu wasio wa jamii yake anapoandikwa upya, je, hurudishiwa utu wake, au hubadilishiwa vazi tu? Kielelezo bora ni Shylock, Myahudi wa The Merchant of Venice. Shakespeare alimwumba katika miaka ya 1590, karne tatu baada ya Wayahudi kufukuzwa Uingereza mwaka 1290.

Msomaji wa Kiswahili humfikia Shylock akiwa tayari na maneno mawili. Waisraeli ni wale anaowashangilia wanapotoka Misri. Wayahudi ni wale aliowazoea katika Injili kama wapinzani wa Yesu. Watu ni wale wale, lugha imewagawa.

Mwaka 1969 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake, Mabepari wa Venisi. Jina hilo ni uhakiki kwa nafsi yake. Kiingereza na Kifaransa humtaja mfanyabiashara mmoja. Kiswahili kinawataja wengi. Isitoshe, neno bepari, lenye asili ya Kihindi, katika kamusi za zamani lilimaanisha mfanyabiashara tu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kubeba maana ya mnyonyaji. Kwa wingi huo, lawama haimwangukii Shylock peke yake: Antonio mwenye merikebu na Bassanio atafutaye mali kwa njia ya ndoa nao wamo kizimbani. Hilo lastahili sifa, kwani chuki dhidi ya Myahudi humtwika mmoja dhambi ya mfumo mzima.

Hata hivyo, ufumbuzi huo una gharama yake. Ikiwa Shylock ni bepari miongoni mwa mabepari, hukumu ya tendo la nne haielezeki. Kwa bepari, kunyang'anywa mali kungetosha. Kwa nini basi Antonio adai pia kwamba awe Mkristo? Hukumu hiyo haigusi sanduku lake tu, bali pia mlo anaokataa kushiriki na Wakristo tangu tendo la kwanza, na sinagogi anamopanga kukutana na Tubal. Usomaji wa kitabaka humwokoa Shylock na lawama kwa kumfutia Uyahudi wake.

Waandishi wa Kiyahudi waliomwazima mhusika huyu walifuata njia nyingine. Katika tamthilia ya Arnold Wesker, The Merchant (1976), ambayo baadaye iliitwa Shylock, Myahudi huyo ni mpenda vitabu anayeishi katika Ghetto, mtaa ambamo Wayahudi wa Venisi walilazimishwa kukaa tangu mwaka 1516. Antonio ni rafikiye, na mkataba wa ratili ya nyama wanauandika kwa mzaha, ili kuikejeli sheria isiyoruhusu shughuli na Myahudi bila hati. Utu umerudi, lakini Wesker amemsafisha mno. Howard Jacobson, katika riwaya yake Shylock Is My Name (2016), amethubutu zaidi. Shylock wake huzungumza na marehemu mkewe, Leah, na kubishana na Myahudi tajiri wa Uingereza ya leo juu ya maana ya kuwa Myahudi. Ana hasira, ana dhihaka, wala haombi kupendwa.

Msomaji wa Kongo hahitaji kwenda Venisi ili kuiona hoja hii. Katika Elisabethville ya kikoloni, yaani Lubumbashi ya leo, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes walifanya biashara katika mji ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya soko. Walikuwa na sinagogi lao na, tangu mwaka 1937, rabi wao Moïse Levy. Mbele ya Mkongo walihesabiwa upande wa Wazungu. Mwaka 1944 jamaa zao waliobaki Rhodes walipelekwa Auschwitz na Wanazi. Neno bepari laweza kueleza nusu moja tu ya historia hiyo; neno mhanga, nusu nyingine tu.

Kwa wanafunzi wa Bukavu, wakaao katika eneo ambamo majina ya makabila yametumika kuwahukumu watu kabla hawajafungua kinywa, somo hili si la mbali. Anayemwazima mhusika wa mwenziwe hana budi kumwondolea lawama asiyostahili. Lakini asimwondolee pamoja nayo jina lake, sala zake na makosa yake. Sharti la kwanza Nyerere alilitimiza. La pili ni kazi ya kalamu za Kiswahili zijazo.