Fundi, Niharibie Hii

Fundi wa Luthuli Avenue alinitazama kama daktari anayeombwa homa na mtu mzima wa afya. Nilikuwa nimemwekea mezani pedali ya gitaa, Boss DS-1 ya mtumba, rangi ya chungwa, imechubuka pembeni. Inafanya kazi? Inafanya. Iko na shida? Haina. "Sasa unataka nifanye nini?" Nikamwambia nataka ikwaruze zaidi, isikike kama spika iliyopasuka. Alicheka hadi jirani yake anayeuza chaja akageuka. "Kijana, mimi hukaa hapa kutoka asubuhi nikitoa hiyo sauti kwa redio za watu. Wewe ndiye wa kwanza kunilipa niirudishe."

Nimesoma maandishi mengi kuhusu fazi, na sijakutana na hoja nzito dhidi yake kuliko hiyo ya fundi. Wacha nijaribu kuijibu.

Fazi, kwa asiyejua, ni ile sauti ya gitaa yenye vinyweleo, inavuma kama nyuki ndani ya debe. Ilizaliwa kwa ubovu. Mwaka 1960 huko Nashville, Grady Martin alikuwa akirekodi gitaa la besi kwenye wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry". Kifaa kimoja ndani ya mtambo wa studio kikaharibika na sauti ikatoka imechanika. Wakaiacha hivyo hivyo. Wimbo ulitoka 1961, watu wakaupenda, na kufikia 1962 Gibson walikuwa wanauza kisanduku cha Maestro Fuzz-Tone, kilichotengenezwa kuiga ajali ile. Kule London, Dave Davies wa Kinks alikata spika yake kwa wembe, na matokeo yake yako ndani ya "You Really Got Me", 1964. Mwaka uliofuata Keith Richards akakanyaga ule mtambo wa Gibson kwenye "Satisfaction", na habari ikawa imeisha.

Kwa hivyo kilichouzwa ni ubovu uliowekewa swichi. Na hapo kwa swichi ndipo mimi na fundi tunapoachana. Redio ya nyanya yangu ilikwaruza, lakini haikuwa na mahali pa kukanyaga ili iache.

DS-1 ilitoka 1978 na bado inauzwa, na ni kati ya pedali za bei nafuu zinazofunguliwa sana na watu wa kujaribu. Sababu ni rahisi. Ndani kuna diodi mbili ndogo za silikoni zilizowekwa zikielekeana kinyume. Sauti ya gitaa ni wimbi. Wimbi likipanda kupita kiwango fulani, diodi moja inakata kilele, na likishuka, ya pili inakata bonde. Silikoni huanza kupitisha umeme karibu na volti 0.6. Diodi ya germaniamu huanza karibu na 0.3, kwa hivyo inakata mapema na kwa ulaini. Taa nyekundu ya LED, ile ya kawaida, husubiri hadi karibu 1.7, ndiyo maana sauti inabaki kubwa na yenye kifua. Ukibadilisha kitu kidogo kama punje ya mchele, pedali inabadilisha tabia.

Nilimwomba fundi atoe diodi moja ya silikoni na aweke LED mahali pake. Ya pili aliipata mwenyewe: akavuta boksi la maiti chini ya meza, akatoa redio ya zamani isiyo na mgongo, akang'oa diodi ya germaniamu iliyokuwa inanasa mawimbi ya AM. Akalehemu. Mia mbili, pamoja na kejeli.

Matokeo? Mazuri, lakini si ya kushangaza. Upande mmoja wa wimbi unakatwa mapema, wa pili unachelewa, na noti inapata ukali fulani wa kooni, kama mtu anayeimba na mafua. Nilicheza wiki nzima. Kisha nikachoka, na nadhani najua kwa nini. Wengi wetu tunaofungua pedali za bei ya chini tunatafuta njia ya mkato ya kufika London, 1966, kwenye Fuzz Face ya mwanzo yenye transista za germaniamu. Si ati nachukia ile sauti. Lakini manze, hiyo ni kuimba wimbo wa mtu kwa chuma cha kulehemu. Pedali yangu ilikuwa imejifunza lafudhi ya mahali ambapo hakuna aliyenizaa aliwahi kufika.

Badiliko la pili ndilo lililonikamata. Pedali hutumia volti 9. Ukiweka kirungu cha kupunguza umeme kati ya betri na sakiti, unaweza kuifisha njaa polepole: 8, 7, 6. Wapiga fazi wanaijua hila hii. Kuna wanaotunza betri zilizochoka kama watu wanavyotunza mvinyo. Karibu na 5, ya kwangu ilianza kukohoa. Noti inakuja kwa kuchelewa, inajaa, kisha badala ya kufifia inakatika vipande vipande, krr, krr, kimya.

Niliijua hiyo sauti. Ni redio ya nyanya saa moja jioni, betri zimekaa juani juu ya mabati mchana kutwa ili zipate nguvu ya taarifa ya habari tu, na mtangazaji anazama katikati ya jina la waziri. Nilikuwa nimeishi miaka nikidhani hiyo ni sauti ya kukosa. Kumbe ni sauti, basi, yenye mwanzo na mwisho wake, na unaweza kuipangia noti.

Hapa lazima niwe mwangalifu, maana hadithi ya "umaskini ulizaa ubunifu" imeshachosha. Chukua Konono N°1 wa Kinshasa. Albamu yao Congotronics ilipotoka 2004, sifa nyingi ziliwaendea kwa vifaa: likembe zilizounganishwa na maikrofoni za kujitengenezea, sumaku zikiwa zimetoka kwenye magari mabovu. Wasikilizaji wa Ulaya na Marekani walisikia fazi na wakaita ajali tamu. Nadhani walisikia nusu. Likembe nyingi, kabla hata ya umeme, huvishwa pete za waya kwenye ndimi zake ili zilie zikinguruma. Mbira za Washona hufungwa kombe au vizibo vya soda kwa kazi hiyo hiyo. Mtu aliyetengeneza ala kama hizo hakuwa amekosa sauti safi; aliisikia, akaona haijavaa nguo. Mawangu Mingiedi, aliyeanzisha Konono, alihitaji kusikika juu ya kelele za mji, ni kweli. Ila mkwaruzo ulipokuja, ulikuta masikio yameshauandalia kiti.

Ndiyo maana sikubaliani na fundi kabisa. Wala sikubaliani na wapenda fazi wanaodhani inapendeza kila mahali. Fazi ina wivu. Ipe noti moja, inang'aa. Ipe mbili kwa pamoja, zinagombana na kuzaa za tatu ambazo hukuzialika. Benga imejengwa juu ya magitaa yanayopeana zamu kwa kasi, kila uzi unasikika kama shanga. Weka pedali yangu hapo na umepata uji. Nilijaribu. Ilibidi nitupe nusu ya nilichokuwa nikicheza, nibaki na uzi mmoja na nafasi nyingi katikati. Bendi za Zambia za miaka ya 1970, WITCH na Amanaz, zilikuwa zimeligundua hilo mapema: gitaa la fazi linatembea peke yake, na lile safi linashika kazi ya nyumba.

Mjomba wangu alipiga ridhimu kwenye bendi za benga zamani, na kwake usafi wa sauti ni adabu, kama kuchomekea shati. Jumapili moja nilimpelekea. Nikapunguza volti hadi ikakohoa, nikacheza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hiyo redio inataka betri."

"Ndiyo, mjomba. Nimefanya makusudi."

Akanyoosha mkono, nikampa gitaa. Alianza na zile nyuzi zake mbili mbili, uji ukatoka, akakunja uso. Akaacha moja. Akapiga noti, akangoja ife yenyewe, krr, krr, kisha akaingiza inayofuata ndani ya ule ukimya, pahali ambapo mimi sikuwahi kuweka kitu. Alifanya hivyo dakika kumi hivi bila kuniangalia. Mwishowe akatazama chini, pale pedali ilipokuwa, akauliza kama hiyo swichi inaweza kukanyagwa na mtu mwenye goti bovu.